Sweta la Mkono Mmoja

Bi Kroshia hakuzaliwa na jina hilo, ila ukimwita lile la kuzaliwa hata yeye mwenyewe hageuki. Alilipata mwaka aliostaafu kazi ya masjala hospitalini, ambako kwa miaka ishirini na minane alikuwa akipanga mafaili ya wagonjwa. Mikono yake ilishazoea kutotulia, basi akanunua sindano ya kroshia, ile yenye kichwa kama ndoano, akanunua mabonge ya sufu, akaanza kufuma. Na hakuwafumia wenye afya zao, thubutu! Hao wana nini cha kufarijiwa? Aliwafumia walioguswa: aliyelazwa, aliyefiwa, aliyevunjika, aliyeachwa. Ukipatwa na jambo leo, kabla wiki haijaisha utamsikia mlangoni anapiga hodi, mfuko begani, na ndani ya mfuko kuna kitu cha sufu alichokikisia kipimo kwa macho, kwa hiyo kinamtosha mtu mwingine kabisa.

Watu walipokea. Utamkatalia vipi mama wa watu aliyekaa siku tano anakufumia kofia? Walisema ahsante, wakavaa akiwatazama, wakavua alipokata kona.

Basi Jumatatu moja asubuhi akaingia kwenye duka la mdogo wake. Huyo mdogo wake, msije mkadhani ni kijana. Ana miaka sitini na mbili, mvi kichwa kizima, fundi cherehani wa kuheshimika, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Mtaa mzima unamwita Fundi na kumpa heshima zake. Lakini mbele ya dada yake ni mdogo mtu tu, na akileta jeuri anafinywa.

Alhamisi ya wiki hiyo Fundi alitakiwa akapasuliwe ngiri. Kilikuwa kinundu kwenye kinena, kimemsumbua miezi minne, kila akikanyaga pedali kinamchoma. Daktari alimwambia waziwazi, mkewe akisikia: upasuaji wenyewe ni mdogo, saa moja na nusu imekwisha, lakini ukiupuuza, siku moja utumbo utajinyonga humo ndani na hapo tutakuwa tunazungumza habari ya kuzika. Fundi akakubali, akaandikiwa siku. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka dada mtu alipofungua mfuko.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Simama nikuone." Bi Kroshia akakunjua sweta la kijani lenye mistari ya njano, limekamilika, mikono miwili, shingo, mpaka kifungo kimoja cha urembo kisichofunga kitu. "Wodini kuna baridi. Hili litakusitiri."

Mguu wa Fundi ukaganda kwenye pedali. Akalitazama lile sweta, akamtazama dada yake, akavua miwani.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Dada, mimi ni mtu mzima, usinifiche. Faili langu linasemaje?"

"Faili lako nimelionea wapi? Mwaka wa saba huu nimestaafu!"

"Na ile chai unayokwenda kunywa masjala kila Ijumaa, unakunywa na nani? Na makabati?" Fundi alikuwa ameshaanza kutokwa na jasho. "Wamelifungua, wameona, wakakunong'oneza, na wewe umeshindwa kusema ukaamua kufuma. Basi ujumbe umefika. Siendi. Kama ni kufa nitafia hapa hapa kwenye cherehani yangu, sikubali kwenda kupasuliwa kama samaki halafu nife vilevile."

Bi Kroshia akamsogezea sweta kifuani kupima. Alidhani ni utani. Mdogo wake tangu utoto ana utani wa kukera. Lakini Fundi alikuwa amempa kisogo na mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na hakuwa anacheka.

Mke wa Fundi ndiye aliyemvuta wifi yake hadi kwenye kichumba cha kujaribia nguo, akafunga pazia. Mle ndani wawili wenye miili yao wanatoshea kwa shida, kwa hiyo walizungumza pua kwa pua.

"Wifi, usinielewe vibaya," akaanza.

"Nikueleweje vibaya na hujasema kitu? Sema."

"Huko mtaani wanasema ukiona sufu yako mlangoni, waite watoto uwagawie vitu."

"Nani anasema?"

"Wote. Mjomba ulimpelekea kofia, hakumaliza mwezi. Mwalimu mkuu wa zamani ulimpa shali, siku tisa. Yule mama wa duka la dawa, blanketi, wanasema hata halijafika miguuni. Watu wanadhani wenzako wa masjala wanakupa siri za mafaili, na wewe ukishajua fulani hana siku nyingi, unamfumia. Wifi, unajua wanakuitaje ukipita na ule mfuko? Taarifa ya Habari."

Uso wa Bi Kroshia ukamshuka. Jamani, aliumia, tena vibaya. Alitoka dukani bila kuaga, na njia nzima alikuwa akihesabu vidole. Sita. Kweli, sita aliowafumia walikuwa wameshafariki. Lakini je, yeye ndiye aliyewatuma? Aliwaendea kwa sababu walikuwa wanakwenda! Mjomba alikuwa ameshaacha kula, analalamika kichwa kina baridi. Akamfumia kofia, akafa kichwa kina joto. Ubaya uko wapi hapo? Mwenye mafua atafumiwa ya nini, akapige chafya kwenye sufu ya watu? Alipofika kwake hasira zilikuwa zimeshapanda mpaka kwenye utosi, na chini ya hizo hasira kulikuwa na hofu moja tu. Kama mdogo wake hatakwenda Alhamisi, kile kinundu kitamuua, na wa saba atakuwa kweli kauawa na sweta.

Jumanne akaamka na mpango. Alihitaji shahidi, mtu aliyepokea sufu yake na bado anapumua. Akamkumbuka muuza nyama. Muuza nyama alianguka kwenye ngazi mwaka juzi akavunjika mguu, akafungwa plasta mpaka pajani, vidole vikabaki nje vinapigwa na baridi; Bi Kroshia akamfumia soksi, moja, pana kama gunia, ya kuvisha juu ya plasta. Leo hii yuko hai, tena mnene, shingo haionekani. Akamfuata buchani, hakumpa hata nafasi ya kuvua aproni, akamkokota hadi dukani kwa Fundi.

"Mwambie," akamwamuru. "Nilikupa nini ulipovunjika?"

"Soksi," muuza nyama akajibu, akifuta mikono.

"Na ukafa?"

"Aa, sikufa, Mama."

"Umesikia?" Bi Kroshia akamgeukia mdogo wake kwa ushindi. "Mtu huyo hapo. Mpapase ukitaka."

Fundi akamtazama muuza nyama kwa makini, jinsi anavyotazama kitambaa cha bei rahisi. "Uliivaa?"

Hapo ndipo muuza nyama alipotakiwa kusema ndiyo, akapewa soda, akaenda zake. Lakini mtu yule Mungu kamnyima kitu kimoja tu, akili ya kudanganya.

"Kusema kweli sikuivaa," akasema. "Ilikuwa inawasha. Nikampa paka wangu alalie."

"Paka yuko wapi?"

Muuza nyama akamtazama Bi Kroshia, akamtazama Fundi, akatazama viatu vyake.

"Alikufa."

Loo! Fundi akaketi chini taratibu, mkono kwenye kinena. Bi Kroshia alimkata muuza nyama jicho kali la kutosha kukatia mbavu za ng'ombe. Na yule bwana bila haya akaendelea, eti alikuwa paka mzuri, mwenye afya, hakuwahi kuumwa hata siku moja kabla ya ile soksi. Ikabidi mke wa Fundi amsukume nje kwa mabega.

Jumatano mchana Bi Kroshia alikaa jikoni kwake, sweta mapajani. Zimebaki saa chini ya ishirini. Alikuwa amebakiza kupiga magoti tu. Amebembeleza, amefoka, amemtuma wifi yake akabembeleze, na Fundi jibu lake ni lile lile, siendi. Kwa hasira akakata fundo la mwisho la mkono wa kushoto, akavuta uzi. Kroshia ina adabu yake: imefungwa kwa kitanzi kimoja cha mwisho, na ukikifungua hicho, vyote vilivyotangulia vinafuatana. Mkono ukafumuka mstari kwa mstari, trrr, trrr, mpaka begani. Roho yake ikapata nafuu kidogo. Akataka kuendelea na kifua.

Akasimamisha mkono hapohapo, kitanzi kimoja kikiwa kimening'inia begani.

Maana yule mdogo wake alimjua. Fundi angeweza kushinda na njaa, angeweza kulala na ugomvi, lakini hakuwahi maishani mwake kuacha kazi nusu. Siku ya harusi yake mwenyewe wageni walimngoja saa nzima, kumbe bwana harusi yuko dukani anamalizia vifungo vya suruali ya mteja. Msibani aliwahi kuonekana amepiga magoti nyuma ya mfiwa, watu wakadhani majonzi yamemzidi. Alikuwa anambana pindo la gauni kwa pini. Ukimwonyesha nguo isiyokwisha, mtu yule anawashwa mwili mzima.

Bi Kroshia akachukua pini ya kufungia nepi, kubwa, akakichoma kile kitanzi kisitoroke. Akaosha kikombe, akainjika chai, na kabla maji hayajachemka alikuwa ameshatunga uongo mzima, kichwa, miguu na mkia. Miaka ishirini na minane ya kupanga mafaili inamfundisha mtu kupanga mambo.

Saa kumi alikuwa dukani.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema.

Mke wa Fundi akaangusha mkasi. Neno hilo halikuwahi kusikika kutoka kinywa kile, si kwa mdogo mtu wala kwa mkubwa.

"Ni kweli wamekufa," Bi Kroshia akaendelea, amejikaza, uso mkavu. "Sita. Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi, na nimelipata. Wote niliwamalizia. Mjomba, siku ileile niliyokata uzi nikafunga fundo, ndiyo siku aliyoanza kuzidiwa. Mwalimu mkuu, nikafunga fundo, basi. Sasa nikuulize. Muuza nyama nilimfumia soksi ngapi?"

"Moja," Fundi akasema.

"Soksi huwa ngapi?"

"Mbili."

"Nilimaliza?"

Fundi akakuna kidevu.

"Na paka je?"

"Paka hakufumiwa! Paka alidandia mali ya mtu!"

Akatoa sweta mfukoni, akalitandaza juu ya meza ya kukatia. Fundi aliruka macho yalipofika begani.

"Mkono uko wapi?"

"Haupo."

"Umekwenda wapi?"

"Nimeufumua. Na hicho unachokiona ni kitanzi, kimeshikwa na pini. Sikifungi, na mkono siuanzi, mpaka nikuone unatoka chumba cha upasuaji kwa macho yangu. Sweta lako bado, na wewe bado. Utakwenda wapi na kazi haijaisha?"

Vidole vya Fundi vilikuwa vimeshafika kwenye bega la pili. Akalipindua, akalivuta, akalisogeza karibu na miwani. "Hapa umeruka vitanzi vitatu."

"Sijaruka."

"Dada, umeruka. Na upana huu umemkisia nani, bondia?"

"Utanionyesha nikirekebisha."

"Lini?"

"Ukitoka."

Fundi akapumua kwa nguvu. Akaitazama ile pini muda mrefu, akamtazama dada yake muda mrefu zaidi, halafu akamwambia mkewe, bila kugeuka, "Ile suruali ya mzee wa kona, mwambie aje baada ya wiki sita. Mwambie nitakuwa nimelazwa." Mkewe akaingia kwenye kichumba cha kujaribia nguo, akafunga pazia, akalia kwa raha zake.

Alhamisi saa tatu nesi akamsukuma Fundi kwenye kitanda cha magurudumu. Alitaka kuingia na sweta lake. Nesi akasema humo ndani hakuingii sufu, hata iwe ya nani. Basi Fundi akamkabidhi dada yake, akamwonya kidole juu, "Usiguse kitu," mlango ukafungwa.

Pale nje kulikuwa na benchi la mbao. Bi Kroshia akaketi, sweta mapajani, bonge la sufu mfukoni, sindano mkobani. Na sasa sikilizeni kituko. Mwanamke huyu hajawahi kukaa mikono mitupu tangu astaafu. Anafuma kwenye foleni, anafuma kwenye mikutano, mazishini anafuma chini ya khanga. Lakini pale kwenye benchi alikaa kama kapigwa picha. Kidole gumba kimebana ile pini, hakijitingishi.

Saa moja ikapita. Saa moja na nusu ikapita, mlango haujafunguka.

"Wifi, si ufume basi, muda uende?" mke wa Fundi akamwambia. "Hata kingine. Hata kitambaa cha meza."

"Niache."

"Lakini si wewe mwenyewe uliyetunga yale…"

"Nimesema niache!"

Alikuwa anajua, jamani. Alijua ule ni uongo wake mwenyewe, alioutunga kati ya kikombe na birika. Alijua utumbo wa mtu haujali sufu. Lakini sasa mlango ulikuwa umefungwa, saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa ya pili ya kungoja, na mdogo wake, aliyembeba mgongoni akimpeleka shule, alikuwa amelazwa huko ndani tumbo wazi. Nani atathubutu kujaribu? Alikibana kile kitanzi mpaka kidole kikafa ganzi, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Baada ya saa mbili na dakika kumi za kungoja mlango ukafunguka. Fundi alikuwa mweupe midomo, macho nusu, ulimi mzito.

"Um… umemaliza?"

"Sijagusa."

"Bega la kulia," Fundi akasema, "fumua," akalala. Daktari akawaambia kila kitu kimekwenda vizuri, kilichochelewesha ni mgonjwa aliyetangulia. Bi Kroshia akamshukuru kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda chooni, akalia mpaka nesi akaja kugonga.

Wiki ya sita Fundi alirudi kwenye pedali. Siku hiyohiyo Bi Kroshia akaja na mfuko wake, na ndani ya mfuko mkono wa sweta, kijani na njano, umefumwa kando, tayari kuunganishwa. Fundi alikuwa amelivaa lile sweta juu ya shati, mkono mmoja sufu, mwingine pamba, pini inang'aa begani. Wateja walishauliza mpaka wakachoka.

"Lete hilo sweta nilimalize," Bi Kroshia akasema. "Na nikwambie kitu usije ukakisikia kwa watu. Yale mambo ya fundo na soksi yalikuwa uongo. Nilitunga."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua ni uongo pale uliposema unaomba radhi." Fundi hakuinua macho kwenye mshono wake. "Dada, toka utotoni unanidanganya, nitashindwa kukujua?"

"Sasa ulikwenda kwa nini?"

Fundi akasimamisha pedali. "Mjomba alipokuwa anaumwa, ulilia kabla hajafa. Kofia yake uliifuma unalia, ilikuwa na chumvi mpaka ikakakamaa. Shali ya mwalimu mkuu vilevile. Kwangu ulikuja na macho makavu, unanipigia hesabu ya soksi na paka. Nikasema, huyu hajui lolote. Angekuwa anajua nakufa asingekuwa na nguvu ya kunidanganya vile."

Bi Kroshia akafungua mfuko. Akamtupia ule mkono wa sweta mezani, kwa ukali, ili asitazamwe usoni. "Basi unganisha mwenyewe kama wewe ndiye mjuaji."

Fundi akauchukua. Akaunyoosha, akaupima kwa futi, juu na chini, akahesabu mistari. "Mkono mzuri," akasema, na hakuwa anatania. Halafu akafungua droo ya cherehani, akauweka ndani taratibu, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akatia mfukoni.

"Ala! Unafanya nini?"

"Ukae kwanza."

"Si umesema unajua ni uongo?"

"Ni uongo kabisa," Fundi akasema. "Na wewe pale kwenye benchi, saa mbili na dakika kumi, ulikaa mikono mitupu kwa nini? Wifi yako ameniambia."

Nyuma ya pazia la kichumba cha kujaribia nguo mtu akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena. Bi Kroshia akavuta kiti, akaketi karibu na cherehani, akatoa sindano na bonge jipya, ili angalau mikono iwe na la kufanya. Fundi akapapasa bega lake kuona kama pini imekaza, akarudisha mguu kwenye pedali.